Herufi 44: historia ya jeni iliyotwishwa mzigo wa sonona

Kwenye kromosomu ya 17 ya binadamu, jirani na mwanzo wa jeni iitwayo SLC6A4, kuna kipande cha DNA chenye herufi 44 ambacho wengine wanacho na wengine hawana. Kila mtu hupokea nakala moja ya jeni hiyo kwa mama na nyingine kwa baba, kwa hiyo wapo wenye nakala mbili ndefu, wapo wenye mbili fupi, na wapo waliochanganya. Tofauti hiyo ndogo ilivuma kuliko jeni yoyote katika elimu ya magonjwa ya akili. Iliandikiwa zaidi ya makala 450 za kitafiti, ikafundishwa vyuoni, ikatangazwa magazetini, na zikazuka kampuni za kuuza kipimo chake kwa yeyote mwenye mate na pesa. Ilisemwa kwamba mwenye nakala fupi, maisha yakimwelemea, huzama kwenye sonona upesi kuliko mwenzake wa nakala ndefu. Waliosema hivyo walikuwa wanasayansi hodari, walioandika katika majarida yanayoheshimiwa dunia nzima. Na walikosea.

Kosa hilo lina historia yake, na historia hiyo inaanzia kwenye dawa zilizogunduliwa kwa bahati, zamani kabla mtu yeyote hajaijua jeni yenyewe.

Mwaka 1948, huko Cleveland nchini Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walikuwa wakitafuta kitu kilichomo kwenye damu kinachofanya mishipa ijikaze. Walikipata, wakakiita serotonini. Nchini Italia, Vittorio Erspamer alikuwa amekwisha kukiona kitu hichohicho tangu miaka ya 1930, yeye akikitoa kwenye utumbo na kukiita jina lake. Hakuna kati yao aliyekuwa akifikiria huzuni ya mtu. Aliyeupeleka mjadala kichwani ni Betty Twarog, mtafiti kijana aliyeanza kwa kuchunguza misuli ya kome wa baharini. Mwaka 1953 alionyesha kwamba serotonini imo pia ndani ya ubongo wa wanyama. Kama imo, inafanya nini humo?

Jibu lilianza kuja kutoka wodini. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa wamelala hoi, wanasubiri siku zao, walianza kucheka, kula kwa hamu na kucheza muziki wodini, hata waandishi wa habari wakaenda kuwapiga picha. Madaktari wa kifua waliona hiyo ni kero ya dawa. Wa akili, akiwemo Nathan Kline, waliona kitu kingine, na kufikia mwaka 1957 dawa hiyo ilikuwa ikipewa watu wenye sonona.

Wakati huohuo, kandokando ya Ziwa Konstanz nchini Uswisi, daktari wa hospitali ya akili ya Münsterlingen aitwaye Roland Kuhn alikuwa na tatizo la pesa. Hospitali yake haikumudu bei ya dawa mpya za skizofrenia, kwa hiyo alikubali kuijaribia kampuni ya Geigy kemikali zake ambazo hazijaingia sokoni. Moja ilikuwa na namba tu, G 22355. Kwa wagonjwa wa skizofrenia haikufaa kitu, na baadhi yao ilizidi kuwachachamaza. Kuhn hakuitupa. Mwanzoni mwa mwaka 1956 aliwapa wagonjwa wa sonona, na katika siku chache aliona watu waliokuwa hawataki hata kuinuka kitandani wakianza kuongea na kuuliza habari za nyumbani. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Zürich kulieleza jambo hilo mbele ya mkutano wa dunia wa madaktari wa akili. Waliofika kumsikiliza walikuwa kama kumi na wawili. Dawa ile ndiyo imipramini, na kwa miongo iliyofuata mamilioni ya watu waliimeza.

Kwa nini ilifanya kazi? Hakuna aliyejua, na ndipo anapoingia Julius Axelrod, mtu ambaye kwa maoni yangu historia hii ingepaswa kumtaja kabla ya wote. Alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini wa New York. Alikataliwa na vyuo vya udaktari, akafanya kazi za fundi wa maabara, chupa ya amonia ikamlipukia na kumharibu jicho la kushoto, na shahada yake ya uzamivu aliipata akiwa amekwisha kuvuka miaka 40. Swali lake lilikuwa rahisi kulisikia: seli moja ya neva ikimwaga kemikali ili kuiambia seli ya pili jambo, kemikali hiyo huishia wapi? Wengi waliamini kwamba huvunjwavunjwa na vimeng'enya palepale ikaisha.

Axelrod na wenzake, akiwemo Georg Hertting, walichukua noradrenalini, mojawapo ya kemikali hizo za neva, iliyotiwa alama ya mionzi, wakawadunga paka kwa sindano. Kisha wakatafuta ilikojificha. Waliikuta imerundikana kwenye viungo vyenye neva nyingi. Ndipo walipofanya jaribio lililoamua kesi: waliwaondolea paka neva za upande mmoja wa kichwa, wakaziacha za upande wa pili, wakaingiza tena kemikali yenye alama. Upande wenye neva uliifyonza na kuihifadhi. Upande usio na neva ulibaki karibu mtupu. Maana yake neva yenyewe huirudisha ndani kemikali iliyoimwaga, ikaitumia tena, kama chupa tupu za soda zinavyorudishwa kiwandani zikajazwe upya. Hiyo ilikuwa mwaka 1961. Mwaka huohuo waliona jambo la pili: paka akipewa imipramini kwanza, ule ufyonzaji huzuiwa. Dawa ya Kuhn ilikuwa inaziba mlango wa kurudia. Mwaka 1970 Axelrod alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bernard Katz na Ulf von Euler.

Mlango huo una mlinzi wake, nao ni protini inayokaa kwenye utando wa seli ya neva, inaikamata kemikali upande wa nje, inajikunja, na kuiachia upande wa ndani. Ndiyo inayoitwa kisafirishi. Noradrenalini ina chake, dopamini ina chake, serotonini ina chake. Katika miaka ya 1960 wataalamu waligawanyika: wengine, kama Joseph Schildkraut wa Marekani, waliweka sonona kwenye upungufu wa noradrenalini, wengine, kama Alec Coppen wa Uingereza, waliiweka kwenye serotonini. Biashara ilikuja kuamua kilichoshindwa kuamuliwa na hoja. Kampuni ya Eli Lilly ilitengeneza fluoxetine, dawa inayoziba kisafirishi cha serotonini na kukiacha kile cha noradrenalini karibu bila kuguswa. Taarifa yake ya kwanza ya kisayansi ilitoka mwaka 1974, kibali cha Marekani kikatoka Desemba 1987, na kwa jina la Prozac dawa hiyo ikageuka kuwa habari ya mjini. Tangu hapo mtu wa kawaida, ambaye hajawahi kusikia jina la Axelrod, alijua kwamba sonona ni "serotonini kupungua".

Hapa ndipo kosa lilipopandwa. Dawa ikituliza maradhi, haijasema lolote kuhusu chanzo cha maradhi. Lakini mawazo yalikwenda mbio: kama kuziba kisafirishi kunaponya, basi huenda ugonjwa wenyewe unatokana na kisafirishi, na kama ugonjwa unatokana na kisafirishi, basi jeni inayokitengeneza ndiyo ya kukamatwa.

Jeni hiyo ilisomwa kwanza kutoka kwa panya, mwaka 1991, na makundi mawili yaliyoshindana kwa karibu, moja la Randy Blakely na jingine la Beth Hoffman. Ya binadamu ilifuata mwaka 1993. Kisha, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, daktari wa akili Klaus-Peter Lesch na wenzake waliona kwamba sehemu iliyo kabla ya jeni, ile inayoamua jeni ifanye kazi kwa nguvu gani, haifanani kwa watu wote. Wengine wana marudio 16 ya mfuatano fulani wa herufi, wengine 14. Tofauti ya marudio hayo mawili ndiyo herufi 44. Kwenye seli zilizokuzwa maabara, nakala fupi ilitengeneza visafirishi vichache kuliko ndefu.

Novemba 1996 Lesch, pamoja na Dennis Murphy wa Marekani na wengine, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya watu 505 waliojaza dodoso za tabia. Wenye nakala fupi walijieleza kuwa na wasiwasi zaidi na kukereka upesi zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, asilimia 3 hadi 4 tu ya mtawanyiko wote wa tabia hiyo, na waandishi hawakuificha. Walikisia hata kwamba kama jeni nyingine zina mchango wa ukubwa huohuo, basi jeni 10 hadi 15 zingetosha kueleza sehemu ya kurithi ya wasiwasi wa binadamu. Naomba msomaji aiweke kando namba hiyo.

Kulikuwa na kitendawili kilichopitwa haraka mno. Nakala fupi hutoa visafirishi vichache. Prozac nayo hupunguza kazi ya visafirishi. Basi mwenye nakala fupi ni kama mtu aliyezaliwa akiwa ameshapewa dozi ndogo ya Prozac. Angetarajiwa awe mchangamfu. Badala yake alitajwa kuwa ndiye dhaifu. Majibu yalitolewa, mengi ya busara, kwamba ubongo unaokua tumboni si sawa na ubongo wa mtu mzima anayemeza kidonge. Lakini nadharia inayoweza kueleza jambo na kinyume chake kwa ufasaha uleule inastahili kutazamwa kwa jicho kali, na wakati ule wachache walilitoa jicho hilo.

Mambo yakaenda kasi. Mwaka 2002 Ahmad Hariri na wenzake waliwaweka watu 28 ndani ya mashine ya MRI, wakawaonyesha picha za nyuso zenye hofu na hasira. Kwa wenye nakala fupi, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga, iliwaka zaidi. Watafiti wa kima aina ya rhesus nao walileta ushahidi wao kuhusu watoto wa kima waliokuzwa bila mama. Kila kipande kilionekana kuungana na kingine.

Kisha ikaja Dunedin.

Dunedin ni mji wa kusini mwa New Zealand, na utafiti unaobeba jina lake ni miongoni mwa kazi bora za kuwafuatilia binadamu zilizowahi kufanywa. Watoto 1,037 waliozaliwa katika hospitali moja ya mji huo kati ya Aprili 1972 na Machi 1973 waliandikishwa wakiwa na miaka mitatu, na tangu hapo wanarudi kila baada ya miaka michache: wanapimwa damu, meno, mapafu, wanaulizwa habari za shule, kazi, ndoa, ulevi, jela. Aliyehamia nchi nyingine hulipiwa nauli ya ndege arudi kuhojiwa. Walipofika miaka 26, asilimia 96 ya waliokuwa hai walishiriki. Mtu anayejua jinsi ilivyo vigumu kuwapata tena watu uliowahoji mwaka jana tu ataelewa kwamba hicho si kitu kidogo.

Avshalom Caspi na Terrie Moffitt, mume na mke na watafiti wote wawili, walichukua washiriki 847 wenye asili ya Ulaya na kuwapanga kwa jeni: asilimia 17 walikuwa na nakala mbili fupi, 51 walichanganya, 31 walikuwa na mbili ndefu. Kisha mshiriki na mhojaji walikaa na kalenda ya maisha, wakapita mwezi baada ya mwezi kuanzia umri wa miaka 21 hadi 26, wakiweka alama palipotokea jambo zito: kufukuzwa kazi, madeni, kukosa makazi, ugonjwa, kuachana na mwenzi. Aina 14 za matukio kwa jumla. Asilimia 30 hawakuwa na hata moja. Asilimia 15 walikuwa na manne au zaidi. Mwisho waliulizwa habari za sonona katika mwaka uliopita.

Matokeo yalitoka kwenye Science tarehe 18 Julai 2003. Kati ya waliopatwa na matukio manne au zaidi, wenye angalau nakala moja fupi waliougua sonona walikuwa asilimia 33. Wenye nakala mbili ndefu, asilimia 17. Kwa watu ambao maisha hayakuwapiga, jeni haikuleta tofauti. Mchoro wa makala hiyo, mistari mitatu inayoanzia pamoja na kuachana kadiri shida zinavyoongezeka, ulinakiliwa kwenye mihadhara ya dunia nzima. Mwisho wa mwaka, Science liliuweka utafiti wa jeni za magonjwa ya akili katika nafasi ya pili ya mafanikio makubwa ya sayansi ya 2003.

Si ajabu ulipendwa. Uliwapatanisha waliokuwa wakibishana kwa karne nzima kama mtu huumbwa na damu au na maisha, ukiwaambia wote wana haki. Haukumlaumu mgonjwa wala haukumfunga kwenye majaliwa yake. Lakini tufanye hesabu ambayo wasomaji wengi hawakuifanya. Asilimia 15 ya watu 847 ni watu 127 hivi. Wenye nakala mbili ndefu kati yao, kwa uwiano uleule, ni kama 40. Asilimia 17 ya hao 40 ni watu saba. Caspi na Moffitt walitumia washiriki wote katika hesabu yao kuu, hilo ni kweli, lakini ncha ya mchoro ule maarufu ilisimama juu ya watu saba kwa upande mmoja na kama 30 kwa upande mwingine. Wawili watatu wangejibu tofauti siku ile, mistari ingesogea.

Wengine walijaribu kurudia. Baadhi walipata kitu kilekile. Baadhi walikipata kwa wanawake tu, au kwa vijana tu, au kwa shida za utotoni tu. Baadhi walikuta nakala ndefu ndiyo yenye hatari. Na mwaka 2006 ikagundulika kwamba hata nakala ndefu ziko za aina mbili, moja ikifanya kazi kama fupi, jambo lililowapa watafiti njia nyingine ya kupanga watu wao upya pale ambapo mpangilio wa kwanza haukutoa matokeo. Kila njia mpya ya kugawa data ni bahati nasibu nyingine, na anayecheza mara nyingi hatakosa kushinda. Mtafiti si lazima awe mwongo. Inatosha awe na subira ya kujaribu mpaka kitu kitokee, na jarida lipende kuchapisha kilichotokea kuliko kisichotokea.

Juni 2009, Neil Risch, Kathleen Merikangas na wenzao walikusanya tafiti 14 zenye watu 14,250 na kuzichambua kwa pamoja katika jarida la JAMA. Waliona jambo moja waziwazi: matukio mazito ya maisha yanahusiana na sonona, na kadiri yanavyoongezeka ndivyo hatari inavyopanda. Jeni haikuonyesha kitu, si yenyewe wala ikiunganishwa na matukio. Mwaka 2011 likaja jibu: Srijan Sen na wenzake wakajumuisha tafiti 54, zikiwemo za waliopata ajali na magonjwa mazito, wakasema mwingiliano upo. Kwa miaka kadhaa mwalimu aliweza kusimama darasani akafundisha lolote kati ya hayo mawili na kuwa na makala ya kuonyesha.

Ugomvi wa namna hii hauishi kwa kuongeza makala. Uliisha kwa njia nyingine. Robert Culverhouse na Laura Bierut wa St. Louis waliwaalika watafiti wenye data wakubaliane kwanza, kwa maandishi yaliyochapishwa kabla ya kazi kuanza, sonona itapimwaje, shida za maisha zitahesabiwaje, na hesabu ipi itatumika. Baada ya hapo hakuna kubadilisha. Seti 31 za data zenye watu 38,802 zilipitishwa kwenye chujio hilo moja. Matokeo yalitoka mwaka 2017: kama mwingiliano upo, basi si wa watu wote, na ni mdogo, wa hapa na pale.

Pigo la mwisho lilitoka Boulder, Colorado, mwaka 2019. Richard Border, Matthew Keller na wenzao walichukua jeni 18 zilizokuwa zimeandikwa zaidi kuliko zote kuhusu sonona, za kisafirishi cha serotonini na dopamini zikiwemo, wakazipima kwenye sampuli za watu kuanzia 62,138 hadi 443,264, nyingi zikitoka kwenye hazina ya Uingereza ya UK Biobank, iliyoandikisha watu wa kujitolea nusu milioni. Walipima sonona ya kila namna: ya maisha yote, ya sasa, kali, ya kujirudia. Walipima na misukosuko, ya utotoni na ya ukubwani. Jeni hizo 18 mashuhuri hazikuhusiana na sonona kuliko jeni zozote zilizookotwa bila kuchagua. Zaidi ya miaka 20 ya kazi, na makala kwa mamia.

Wakati jeni maarufu zikiporomoka, wengine walikuwa wameacha kabisa kubashiri. Badala ya kuchagua jeni kwa sababu nadharia inaipenda, walipima mamilioni ya sehemu za DNA kwa pamoja na kudai ushahidi mkali kabla ya kutaja hata moja. Mwanzo ulikuwa wa aibu: mwaka 2013, wagonjwa 9,240 walilinganishwa na watu wasiougua, isipatikane hata sehemu moja. Mwaka 2015 Jonathan Flint, Kenneth Kendler na wenzao wa China walipata mbili, kwa kuchunguza wanawake 5,303 wa Kichina wenye sonona kali inayojirudia. Mwaka 2018 zikafika 44. Mwaka 2019, 102. Januari 2025, katika jarida la Cell, utafiti wa watu zaidi ya milioni tano kutoka nchi 29, wakiwemo wagonjwa 688,808, ulitaja 697. Lesch alikuwa amekisia jeni 10 hadi 15. Kila moja kati ya hizo mia saba inaongeza au kupunguza hatari kwa kiasi ambacho daktari asingeweza kukitumia kwa mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yake.

Robo ya waliochunguzwa katika kazi ya 2025 hawakuwa na asili ya Ulaya, na kuingizwa kwao kulifichua kama sehemu 100 ambazo zisingeonekana. Hilo si dogo kwetu. Nakala fupi ya herufi 44 zinazokosekana ni ya kawaida sana Asia ya Mashariki, ina wastani Ulaya, na ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kama ingekuwa ndiyo mzizi wa sonona, ramani ya sonona duniani ingefuata ramani hiyo, na haiifuati. Huku kwetu, mradi mkubwa wa jeni za akili uliofika Eldoret, Kilifi na Uganda, NeuroGAP-Psychosis, uliofanywa pia Ethiopia na Afrika Kusini, ulihusu skizofrenia na magonjwa ya jamii yake. Kwa sonona, damu ya Afrika Mashariki bado haijapimwa kwa wingi unaolingana na ugonjwa wenyewe.

Sonona inarithiwa kwa sehemu, hilo halijabatilika. Tafiti za mapacha zilizojumuishwa mwaka 2000 ziliweka sehemu hiyo kwenye asilimia 37 hivi. Kilichokufa ni wazo kwamba sehemu hiyo imekaa kwenye jeni moja inayoeleweka, tena ileile inayoguswa na dawa ileile. Na kilichosalimika katika takriban kila uchambuzi, wa waliounga mkono na wa waliopinga, ni ule upande wa pili wa mchoro wa Dunedin: kazi iliyopotea, nyumba iliyopotea, ndoa iliyovunjika. George Brown na Tirril Harris walikwisha kuliandika hilo mwaka 1978 baada ya kuwahoji wanawake wa Camberwell, London. Waliwataja hata waliokuwa hatarini zaidi: mama mwenye watoto watatu au zaidi wadogo nyumbani, asiye na kazi, asiye na mtu wa kumweleza siri zake, aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11. Hawakuhitaji mate ya mtu. Walihitaji kumsikiliza.

Jijini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amejenga tiba juu ya kusikiliza huko. Bibi wa mtaani aliyefundishwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanachagua tatizo moja la maisha yake na kulitafutia njia. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kati ya waliokaa kwenye benchi, na 50 kati ya waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka ya Zimbabwe, na Zanzibar ni mojawapo ya mahali ulipofika.

Basi ukikutana na mtu anayeuza kipimo cha kukuambia kama jeni ya serotonini itakutia sonona, usikilipie. Na kama unameza fluoxetine au dawa ya jamii yake, usiiache kwa sababu ya historia hii bila kuongea na daktari wako: dawa hizo zilipimwa kwa majaribio yake yenyewe, kwa wagonjwa, na kuanguka kwa zile herufi 44 hakukugusa majaribio hayo.